Rurambo: Si kila kichwa kinachouma ni malaria

Katika vijiji vya Rurambo, kwenye milima inayotazama bonde la Ruzizi na mji wa Uvira, mtu akisema kichwa kinamuuma, jibu la kwanza huwa moja: ana malaria. Asipopona, ni tifoide. Tifoide nayo ikitibiwa bila nafuu, yanaanza maneno ya karuho, ya jirani mwenye kijicho, ya mizimu ya ukoo. Kati ya jibu la kwanza na la mwisho, mgonjwa amekwisha kumeza vidonge vya aina nne au tano, ametiwa serumu, amechanjwa kwenye kipaji, na mbuzi wawili wa nyumbani wamekwisha kuuzwa. Kichwa bado kinarudi, mara mbili au tatu kwa mwezi, kikidunda kama ngoma upande mmoja.

Ugonjwa ambao hautajwi katika safari hiyo yote una jina. Kwa Kiswahili unaitwa kipandauso. Waliosoma kwa Kifaransa wanauita migrene. Hauambukizi na hauui kama malaria inavyoua. Lakini unamlaza mtu mzima mwenye nguvu zake ndani ya nyumba yenye giza, mlango umefungwa, ndoo ya kutapikia kando ya kitanda, siku ambayo shamba linamngoja na watoto hawajala. Unatibika kwa dawa ambazo si ghali. Kinachokosekana milimani, kabla hata ya dawa, ni mtu wa kuuliza maswali yanayofaa.

Ni wengi kuliko inavyodhaniwa

Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linakadiria kwamba mwaka 2021 watu bilioni 3.1, karibu asilimia 40 ya wakaaji wa dunia, walikuwa na ugonjwa wa kuumwa kichwa wa aina moja au nyingine. Kipandauso peke yake kinawapata zaidi ya watu bilioni moja, yaani takriban mmoja kati ya saba. Hesabu za magonjwa ya dunia za mwaka 2019 zilikiweka nafasi ya pili kati ya magonjwa yanayomzuia mtu aliye hai kufanya shughuli zake, na nafasi ya kwanza kwa wanawake vijana.

Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba huo ni ugonjwa wa Wazungu, wa watu wanaokaa ofisini na kuwaza sana. Majirani wamekwisha kuonyesha kwamba si kweli. Ziwa Tanganyika linaanzia hapa Uvira na kuishia Mpulungu, nchini Zambia. Huko Zambia, utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliopita nyumba kwa nyumba Lusaka na katika Jimbo la Kusini, ulikuta kipandauso kwa asilimia 22.9 ya watu wazima. Ethiopia, utafiti wa namna hiyo uliochapishwa mwaka 2016 ulipata asilimia 17.7. Kaskazini mwa Tanzania, katika vijiji vinavyozunguka hospitali ya Haydom, hesabu ya miaka ya nyuma ilikuwa chini sana: asilimia 4.3.

Pengo hilo kati ya 4 na 22 ni kubwa, na sehemu yake inatokana na namna ya kuuliza. Utafiti ukitaka kila dalili itimie kabla ya kumhesabu mtu, wengi wanaachwa nje. Ukikubali pia wale ambao dalili moja tu inapungua, wanaingia. Lakini hata msomaji akichagua hesabu ya chini kabisa, matokeo yake hayapuuziki. Katika kanisa la kijiji lenye waumini watu wazima mia mbili siku ya Jumapili, wenye kipandauso ni kati ya wanane na arobaini na watano. Muuguzi wa kituo cha afya anawafahamu karibu wote. Amewaandikia dawa ya malaria.

Kuna jambo jingine linalohusu watu wa milimani hasa. Nchini Nepal, nchi ya milima mirefu kuliko yote duniani, watafiti walilinganisha wakaaji wa mabonde na wale wa juu, na kuchapisha matokeo mwaka 2017. Chini ya mita 500 kipandauso kilikuwa kwa asilimia 27.9 ya watu. Kati ya mita 2000 na 2499 kilifika asilimia 45.5. Juu ya hapo kilishuka tena kidogo. Uvira mjini, penye usawa wa ziwa, ni mita 770 na kitu. Nyanda za juu nyuma yake zinapita mita 2000. Nepal si Kivu ya Kusini, damu ni nyingine na maisha ni mengine, na haifai kuichukua hesabu yao na kuibandika Rurambo. Hata hivyo inatosha kumfanya mganga yeyote anayefanya kazi kwenye mwinuko huo asiseme haraka kwamba ugonjwa huu ni nadra kwake.

Namna ya kuutambua

Kipandauso hakionekani kwenye kipimo cha damu wala kwenye picha ya skana. Ndiyo sababu familia inayouza ng'ombe ili mgonjwa avuke mpaka wa Kavimvira kwenda kupigwa picha ya kichwa Bujumbura mara nyingi inarudi na karatasi inayosema kila kitu ni kizuri, na mgonjwa anaanza kuitwa mwongo, au mvivu.

Kinatambuliwa kwa habari anazotoa mgonjwa mwenyewe. Maumivu yanakuja kwa vipindi, na kati ya kipindi na kipindi mtu ni mzima kabisa. Kila kipindi, kisipotibiwa, kinachukua saa 4 hadi saa 72. Mara nyingi yanashika upande mmoja wa kichwa, yanadunda pamoja na mapigo ya moyo, ni makali, na yanazidi mtu akipanda ngazi, akiinama au akibeba ndoo. Pamoja nayo inakuja kichefuchefu au kutapika. Mwanga unachoma, na sauti ya mtoto anayelia inakuwa kama nyundo. Karibu mmoja kati ya watatu au wanne anaona ishara kabla: nuru inayometameta, mistari ya msumeno mbele ya macho, ganzi inayopanda kutoka vidoleni hadi mdomoni. Ishara hizo zinadumu dakika 5 hadi 60, kisha zinapotea. Ni rahisi kuelewa kwa nini mtu aliyeona nuru ambayo wenzake hawaioni atafikiri ametumiwa kitu.

Madaktari wanayo njia fupi inayofaa hata kituo kisicho na umeme. Maswali ni matatu. Je, kichwa kikiuma unapata kichefuchefu? Je, mwanga unakusumbua kuliko kawaida? Je, katika miezi mitatu iliyopita kuna siku kichwa kilikuzuia kufanya kazi zako? Mwenye kujibu ndiyo kwa mawili kati ya hayo, yaelekea ana kipandauso. Hakuna mashine, hakuna tone la damu, na dakika mbili zinatosha.

Ndani ya kichwa, kinachotokea si damu chafu wala damu nyingi. Neva kubwa ya uso na utando wa ubongo inaamka kupita kiasi na kumwaga kemikali zinazoifanya mishipa iliyo karibu iume. Tabia hiyo ya neva inarithiwa: karibu nusu ya sababu za mtu kupata kipandauso imo katika alichopewa na wazazi. Mama mwenye kipandauso atamwona binti yake akianza kulalamika akiwa na miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, na mara nyingi atakumbuka kwamba bibi naye alikuwa akijifunga kitambaa kichwani na kujifungia ndani. Familia inaita hiyo laana ya ukoo. Kuhusu ukoo, haijakosea.

Watoto wa kiume na wa kike wanaanza sawa. Baada ya kubalehe, wanawake wanapata mara mbili hadi tatu kuliko wanaume, kwa sababu homoni za hedhi zinaposhuka zinaiamsha neva ile. Wengi wanapata nafuu mimba ikisonga mbele, na tena hedhi ikikoma kwa umri. Kipindi kigumu zaidi ni cha miaka thelathini hadi arobaini na mitano, yaani wakati uleule ambapo mwanamke wa mlimani ndiye anayelima, anayechota maji, anayeshuka sokoni na anayelea.

Kabati la dawa ndilo linaloamua

Kwa nini basi muuguzi, mtu aliyesoma na anayefanya kazi miezi mingi bila mshahara, anaandika malaria kwa mgonjwa asiye na homa? Jibu limo kwenye kabati lake la dawa. Tangu Mfuko wa Dunia wa kupambana na Ukimwi, kifua kikuu na malaria ulipoanzishwa mwaka 2002, vipimo vya haraka vya malaria na dawa zake vimefika hadi vituo vya vijijini kwa pesa za wafadhili. Kipandauso hakina mfadhili. Muuguzi anayesimama mbele ya mgonjwa anayelia anatafuta ugonjwa ambao dawa yake ipo.

Kipimo chenyewe kinaweza kumpoteza. Katika maeneo yenye malaria mingi kama bonde la Ruzizi, mtu mzima anaweza kuwa na vijidudu vichache kwenye damu bila kuumwa. Tena aina ya kipimo inayotumiwa sana inaweza kuendelea kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Kwa hiyo yule aliyeshuka sokoni mwezi uliopita, akapata malaria na kutibiwa, akija leo na kipandauso, kipimo kitasema malaria, na ataanza dozi nyingine. Siku ya pili au ya tatu kichwa kinaacha, kwa sababu kipandauso huisha chenyewe ndani ya saa 72. Dawa ya malaria inapata sifa isiyo yake, na kosa linakuwa mazoea.

Kwa tifoide hali ni mbaya zaidi. Kipimo cha Widal, ambacho kimekuwepo tangu mwisho wa karne ya 19, kinaonyesha tu kwamba mwili umewahi kukutana na vijidudu vya jamii hiyo. Pale maji ya kunywa ni ya mtoni, wengi wameshakutana navyo. Mgonjwa anaondoka na antibiotiki za siku kumi kwa ajili ya ugonjwa ambao hana.

Haya hayamaanishi kwamba malaria ipuuzwe. Mtoto mwenye homa apimwe na atibiwe siku ileile; malaria bado ni muuaji mkubwa wa watoto wa Kongo. Anayestahili swali jingine ni mtu mzima asiye na homa, ambaye kichwa kimemrudia kwa miaka.

Wala tatizo si la Kongo peke yake. OMS ilipokusanya habari za nchi nyingi mwaka 2011, ilikuta kwamba mwanafunzi wa udaktari, kwa wastani wa dunia, anafundishwa magonjwa ya kichwa kwa saa nne tu katika miaka yote ya masomo. Ikiwa daktari anapata saa nne, ni rahisi kukisia muuguzi wa kijiji anapata ngapi.

Vita na usingizi

Ubongo wenye kipandauso haupendi mabadiliko ya ghafla. Usingizi uliokatika, mlo uliorukwa, kiu, jua kali, moshi, harufu nzito, pombe, wasiwasi mwingi, hata utulivu unaokuja ghafla baada ya wasiwasi, vyote vinaweza kuwasha kipindi. Mtu anayesoma orodha hiyo akiwa Rurambo atadhani inaeleza maisha yake.

Milima ya Uvira, Fizi na Mwenga imo katika mapigano na kuhamahama kwa miaka. Mwaka 2025, baada ya Goma kuingia mikononi mwa AFC/M23 mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, vita vilisogea upande wa Uvira, na Rurambo haikupona. Vijiji vilikimbia, vikarudi, vikakimbia tena. Watu walilala porini wakisikiliza bunduki. Mwaka huohuo, mwezi wa kwanza, Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kazi nyingi za afya katika Kongo ziliyumba. Dawa zilizozoea kutoka depo za Bukavu zilipaswa kupita mistari ya vita.

Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba waliopitia matukio ya kutisha wanaumwa kipandauso kuliko wengine, na kwamba wale ambao tayari walikuwa nacho wanaona vipindi vikiongezeka. Hapa ipo hatari ya kusema kwamba kila kichwa cha mhami ni mawazo tu. Mawazo yanaweza kuongeza moto, lakini kuni zilikuwepo: ni ugonjwa wa neva, na unahitaji dawa pamoja na faraja.

Vijitabu vya Ulaya vinamshauri mgonjwa alale saa zilezile kila usiku, ale kwa wakati na aepuke wasiwasi. Mbele ya mama aliyehama mara tatu ndani ya mwaka, ushauri huo unakaribia dhihaka. Bado kuna machache yanayowezekana. Anayeshuka kwenda soko la Sange au Luberizi asiondoke na tumbo tupu; kipande cha muhogo au kiazi asubuhi, na chupa ya maji njiani, vinazuia vipindi vingi kuliko watu wanavyofikiri. Kitenge au kofia pana inafaa dhidi ya jua linaloakisiwa na ziwa. Moto wa kupikia ukiwekwa nje au penye upenyo, moshi unapungua. Kasiksi kabla ya kula ni kujitafutia. Mwenye kunywa kahawa asinywe vikombe sita leo na kukosa kabisa kesho, kwa sababu kukatika kwake ghafla nako kunaleta kichwa.

Dawa zipo, na nyingine zinaharibu

Siku ya maumivu, kanuni ni kumeza mapema na kwa kiasi kinachotosha. Kosa la wengi ni kungoja hadi usiku, kisha kumeza nusu kidonge. Kwa mtu mzima, ibuprofeni miligramu 400 pamoja na chakula, au aspirini miligramu 900 hadi 1000, au parasetamoli miligramu 1000, ikimezwa saa ya kwanza, inawatosha watu wengi. Tumbo la mwenye kipandauso husimama kufanya kazi. Kwa hiyo muuguzi akiongeza metoklopramidi miligramu 10, kichefuchefu kinatulia na dawa ya maumivu inaingia vizuri. Kisha giza, kimya, usingizi. Wenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo wasiguse ibuprofeni wala aspirini. Aspirini haipewi watoto. Mama mjamzito anaanza na parasetamoli, na ibuprofeni inakatazwa hasa miezi ya mwisho.

Kwa wale ambao hizo haziwasaidii, kuna kundi la dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya kipandauso chenyewe. Sumatriptani, mojawapo, iliingizwa na OMS katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2021. Haifai kwa mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupooza, au mwenye presha isiyotulizwa. Kuwemo kwenye orodha ya Geneva, hata hivyo, si kuwemo kwenye farmasi ya Kalundu.

Sasa jambo ambalo wauza dawa hawalisemi. Dawa za maumivu zikitumiwa mno, zenyewe zinaleta kichwa. Anayekunywa parasetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, anajitengenezea kichwa cha kila siku. Kwa tramadoli, na kwa vile vidonge vya mchanganyiko vinavyouzwa kimojakimoja sokoni, siku 10 kwa mwezi zinatosha kumwingiza mtu kwenye mtego. Anaamka na kichwa, anameza, kinapungua saa chache, kinarudi, anameza tena. Utafiti ule wa Zambia ulikuta asilimia 11.5 ya watu wazima wakiumwa kichwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, na asilimia 7.1 yaelekea walikuwa wameumizwa na dawa zenyewe. Pale ambapo kidonge ni rahisi kupata kuliko muuguzi, hakuna sababu ya kutegemea hali iwe bora. Anayetaka kutoka humo lazima aache dawa hiyo, na wiki ya kwanza au mbili huwa mbaya kuliko kawaida. Bila mtu wa kumweleza hivyo mapema, atarudi sokoni siku ya tatu. Anayekunywa tramadoli kila siku asiikate kwa ghafla. Aishushe polepole akisimamiwa na mganga.

Mwenye siku nne au zaidi za kipandauso kwa mwezi anastahili dawa ya kuzuia, inayomezwa kila siku hata kama haumwi. Mbili zinajulikana tangu zamani na ni kati ya dawa za bei nafuu. Propranololi ni ileile inayotumiwa kwa presha na moyo. Haipewi mwenye pumu, na haikatwi kwa ghafla. Amitriptilini, kwa kiasi kidogo cha miligramu 10 hadi 25 kabla ya kulala, inafaa hasa kwa aliyekosa usingizi, jambo ambalo Rurambo si haba. Zote mbili zinahitaji miezi miwili hadi mitatu kabla ya mtu kusema hazifanyi kazi. Vipindi vikipungua kwa nusu, hiyo ni nafuu ya kweli. Ipo pia valproati ya wenye kifafa, lakini kwa mwanamke anayeweza kushika mimba isitumiwe kuzuia kipandauso, maana inaharibu mtoto tumboni.

Ndugu walio Marekani wakati mwingine wanatuma majina ya dawa mpya kabisa. Zipo, na ni nzuri. Erenumabu, sindano ya mara moja kwa mwezi, iliruhusiwa huko mwaka 2018 kwa bei ya dola 6,900 kwa mwaka. Kwa pesa hizo kijiji kizima kingepata propranololi.

Onyo moja linawahusu wanaofanya mpango wa uzazi. Mwanamke ambaye kipandauso chake kinatanguliwa na zile nuru na ganzi hapaswi kupewa vidonge vya uzazi vyenye estrojeni, kwa sababu hatari ya kupooza inaongezeka. Sindano za miezi mitatu na vijiti vya mkononi havina estrojeni. Muuguzi anayegawa vidonge aulize kwanza.

Kichwa ambacho si cha kungoja

Kuna vichwa ambavyo si kipandauso, na hapo kuchelewa kunaua. Kichwa chenye homa na shingo iliyokakamaa ni cha hospitali usiku huohuo, kwa sababu kinaweza kuwa uti wa mgongo. Vilevile kilichokuja ghafla kama radi, kikali kuliko vyote mtu alivyowahi kuumwa. Kilichofuata pigo au kuanguka. Kinachokuja na udhaifu wa mkono au mguu, maneno kuvurugika au fahamu kupotea. Kinachoanza mara ya kwanza baada ya miaka hamsini. Mjamzito aliyepita mwezi wa tano, mwenye kichwa kikali, macho yenye ukungu na uso uliovimba, apimwe presha mara moja. Na pale nguruwe wanapozunguka huru, mtu mzima anayeanza kuanguka kifafa na kuumwa kichwa huenda ana minyoo ya nguruwe iliyoingia ubongoni. Hiyo nayo ina dawa yake, na si mapepo.

Kuhusu karuho, inafaa kusema bila kuzunguka. Kichwa kinachokuja na kuondoka kwa miaka, mtu akiwa mzima katikati, hakifanani na sumu. Katika Kivu ya Kusini watu wamepigwa na kuchomwa kwa kushukiwa uchawi, wengi wao wanawake wazee wasio na wa kuwatetea. Anayemtaja jirani kwa sababu ya kipandauso anaweza kuwa anamhukumu kifo kwa ugonjwa alioupata kwa mama yake mwenyewe.

Linalowezekana sasa

Territwari ya Uvira haingojei daktari bingwa wa neva. Wengi wa hao wako Kinshasa, na hata amani ikirudi kesho hawatapanda mlimani. Kipandauso kinaweza kutibiwa na muuguzi. Anahitaji maswali yale matatu, dalili zile za hatari, na daftari la shule ambamo mgonjwa, au mtoto wake anayejua kuandika, anaweka alama kila siku ya kichwa na kila siku ya dawa. Baada ya mwezi mmoja daftari hilo linaonyesha mambo mawili ambayo skana ya Bujumbura haiwezi: kama ni kipandauso, na kama dawa za sokoni zimezidi.

Viongozi wa zoni za afya za Uvira, Lemera, Ruzizi na Hauts-Plateaux wanayo nafasi ya kuliingiza jambo hili katika mikutano ya wauguzi ambayo tayari hufanyika usalama unaporuhusu. Mashirika yanayopandisha dawa kwa wahami yanaweza kuongeza mbili kwenye sanduku. Chupa moja ya vidonge elfu moja vya propranololi inaingia kwenye mfuko mdogo wa mpanda mlima. Kwa wagonjwa wanaokunywa viwili kwa siku, inawatosha watu watano kwa zaidi ya miezi mitatu.